Njia ya Rangi Kwenye Ukuta wa Faraja

Raudha alikuwa anachora sikio. Lilikuwa sikio la kushoto la kijana mwenye nywele za kiduku, kwenye ukuta wa kinyozi pale Tandika, nalo lilimsumbua tangu asubuhi kwa sababu plasta ilikuwa imebonyea mahali palepale tundu la sikio lilipotakiwa kukaa. Kijana akawa anaonekana kama amepigwa kofi. Raudha alisogeza nyuma baiskeli yake ya magurudumu matatu, ile ya kuzungushwa pedeli kwa mikono, akatazama, akaguna, akarudi mbele. Kopo la rangi lilikaa mapajani. Miguu yake, ambayo polio iliipitia akiwa bado ananyonya, ilikuwa imekunjwa chini ya kanga.

Vitu vya chini alivichora kwa brashi ya kawaida. Vya juu alivifikia kwa brashi aliyoifunga kwenye ufito wa mwanzi. Kuta zake zilijulikana Temeke nzima: samaki wa mama ntilie, mikasi ya mafundi, vichwa vya saluni. Sehemu nzuri kuliko zote katika kila picha ilikuwa kwenye kimo cha mtu aliyekaa, ndiyo maana watoto walizipenda.

Rogers alimkuta hapo. Alikuwa meneja wa Mfuko wa Faraja, shirika la kusaidia watu wenye ulemavu, lililokuwa na jengo la ghorofa mtaa wa pili. Chini ya jengo palikuwa na duka la vigae, katikati ukumbi wa mikutano, na huduma zenyewe zilikuwa juu kabisa. Lifti haikuwepo. Zilikuwepo ngazi.

"Dada Raudha, za kazi?"

"Nzuri, kaka Rogers. Umekuja kunyoa?"

"Nimekuja kwako. Wafadhili wanakuja, na safari hii wanataka kuona rampu. Ile njia ya mteremko ya kupandia wilchea."

"Mnajenga?"

"Zege linachukua muda. Wewe tuchoree tu, ukutani pale nje. Ukisimama mbali kidogo inaonekana ya kweli. Kwenye picha nani atajua?"

Raudha alicheka, akadhani ni utani. Rogers hakucheka. Raudha akawa hajui kama anatukanwa au anapewa kazi, maana mara nyingi vitu hivyo viwili vilimjia kwa sauti ileile.

"Halafu yule binti wa mama Editha," Rogers akaongeza, "nitamsemea huko juu."

Hapo ndipo Raudha alipokubali.

Binti huyo aliitwa Vaileth. Alikuwa mmoja wa wanafunzi wanaokuja kila Jumamosi uani kwa mama yake Raudha, Bi Mwanakombo, kujifunza kuchora. Walikuwa watoto na vijana ambao shule ziliwashindwa au ziliwachoka: asiyesikia, asiye na vidole, anayetetemeka. Raudha aliwafundisha bure, na somo la kwanza lilikuwa moja kwa wote, kwamba mkono usiotulia hutoa mawimbi mazuri. Vaileth alizaliwa na mtindio wa ubongo. Miguu haikumbeba, mkono wa kulia ulikwenda unakotaka, maneno yalitoka polepole. Lakini mkono wa kushoto ulimtii, na kwa huo alichora kuku walioonekana wanawaza jambo. Alishakuwa msichana mkubwa. Mama yake, Editha, aliyehamia mjini kutoka bara na kuuza vitenge sokoni, alimbeba mgongoni kwenda na kurudi, na mgongo ulianza kulia. Mara kadhaa Editha alipanda ngazi za Faraja kuomba kiti cha magurudumu. Kila mara alijibiwa kwa heshima kwamba mhusika afike mwenyewe aonekane. Kumpandisha msichana wa umri ule ghorofa zote zile hakuweza. Alijaribu siku moja, akaishia kwenye kona ya pili, wakakaa pale wote wawili mpaka mlinzi alipokuja kuwashusha.

Bi Mwanakombo aliposikia habari ya kazi mpya, alikuwa anakuna nazi.

"Uongo wa rangi nao ni uongo, mwanangu," alisema. "Lakini kama umeshaukubali, uchore vizuri. Usije ukatuaibisha mara mbili."

Raudha aliuchora vizuri. Alichanganya nyeusi na nyeupe mpaka akapata kijivu cha zege bichi. Njia aliianzisha chini kabisa, pana, mahali ukuta unapokutana na ardhi, akaipandisha kwa kona mbili, ikizidi kuwa nyembamba kadiri inavyokwenda mbali, na kingo zake za chuma akazipaka fedha. Juu, mwisho wa mwanzi ulipofikia, akamalizia na mlango mdogo usiozidi kiberiti. Ukiutazama kutoka barabarani, ulionekana uko ghorofa ya mwisho.

Alipomaliza aliona tone la rangi limechuruzika chini ya kona ya kwanza. Akachukua kitambaa, akasogea alifute. Gurudumu la mbele likapanda.

Raudha alishika breki. Akatazama chini. Gurudumu lilikuwa juu ya rangi na lilikuwa limeacha alama, jambo lililomuudhi, kwa sababu kijivu kile kilikuwa kigumu kukipata tena. Akaona kurudi nyuma kutaharibu zaidi. Akazungusha pedeli kwenda mbele.

Mteremko ulikuwa wa kadiri. Hakuhitaji kusukumwa. Kwenye kona ya kwanza alipumzika, akaona mabati ya Tandika, matangi meusi ya maji, nguo za watu kwenye kamba, na paka aliyelala ndani ya dishi la televisheni. Hakuwahi kuitazama mitaa yake kutoka juu, na kwa muda hakuweza kuitambua nyumba yao. Kwenye kona ya pili upepo ulikuwa mzuri. Mlango alioudhania wa kiberiti ulikuwa mlango wa kawaida, wenye kitasa kilichokaa chini, pale mkono wake ulipo. Akakizungusha, akaingia.

Ndani kulikuwa na korido, na mwisho wa korido meza, na nyuma ya meza bwana mmoja wa makamo anayemenya chungwa. Kibao kilisema anaitwa Gaspar, Afisa Mapokezi ya Wahitaji.

"Karibu, dada," alisema kwa lafudhi ya bara. "Umepitia wapi?"

"Shikamoo. Nimepita nje, kwenye ile njia."

"Marahaba. Ile inayochorwa?"

"Ndiyo. Haijakauka vizuri."

Gaspar aliinuka kidogo, akatazama magurudumu. "Basi yafute hapo mlangoni, leo wamepiga deki."

Raudha akayafuta kwa kitambaa alichokuja nacho. Gaspar alitafuta kiti cha mgeni, akaona mgeni amekuja na chake, akarudi kukaa. Alimgawia nusu ya chungwa. Akamweleza kuwa tangu awekwe meza ile hakuna mhitaji aliyewahi kufika, ndugu zao tu. Kila mwezi aliripoti hivyo makao makuu, na makao makuu wakampongeza kwa kupunguza uhitaji wilayani. Alisema hayo bila kujisifu. Alikuwa mtu mpole, naye alionekana kutoelewa.

Raudha aliposhuka, Rogers alikuwa barabarani anapiga picha kwa simu.

"Umeniachia alama za tairi," alisema.

"Nitapaka tena."

"Paka. Ila imetoka bomba, dada yangu. Hata mie nimedanganyika."

Siku iliyofuata Raudha alimpelekea Editha habari. Editha alimbeba Vaileth mgongoni mpaka kwenye ukuta, akaweka mguu kwenye njia, akagonga goti. Akajaribu mguu wa pili, ukagonga vilevile. Kwake ulikuwa ukuta. Basi wakamhamishia Vaileth mapajani kwa Raudha, mikono ya Raudha ikapita pembeni kushika pedeli, baiskeli ikapanda kama kawaida. Editha aliwatazama mpaka kona ya kwanza, kisha akaingia ndani ya jengo akakimbilia ngazi.

Vaileth alitazama kila kitu. Walipofika kwenye korido akasema, neno baada ya neno, "Kumbe ni chumba tu. Mie nilidhani huku kuna watu."

Gaspar alimpa mkono. Editha akatokea kwenye ngazi, anahema, mkono kiunoni.

"Huyu hapa," alisema. "Mlisema afike mwenyewe. Amefika."

"Amefika, mama, nimemwona kwa macho yangu." Gaspar alijikuna kichwa. "Sasa ishu ndiyo iko hapo. Mwongozo unasema kiti apewe yule asiyeweza kufika kwenye huduma. Huyu amefika."

"Amepakatwa!"

"Nimeona. Lakini amefika."

"Na kama asingefika?"

"Asingefika, mama, mie nisingejua kama yupo."

Nje muuza maji alipita akigonga madumu. Gaspar aliangalia dari, akaangalia kiganja chake, akafungua droo, akatoa pipi, akampa Vaileth. Vaileth akasema asante. Hapakuwa na jambo jingine la kufanya pale, wakashuka, wawili kwa njia ya rangi na mmoja kwa ngazi.

Raudha alishuka taratibu, kidevu chake kikigusa nywele za Vaileth. Alijaribu kulipanga jambo lile kichwani na halikupangika. Kama asingechora njia, Vaileth asingefika. Amefika, na kwa kufika huko amekosa. Kwa hiyo amemsaidia, au amemharibia? Alimuuliza Bi Mwanakombo jioni. Bi Mwanakombo alisema hayo ni maswali ya watu wa ofisini, yeye ale kwanza.

Habari zilienea. Watu walikuja kutoka Mbagala, Yombo, mmoja alitoka Ukonga tangu alfajiri. Waliokuja na magongo walipanda, waliokuja na viti walipanda, na yule asiye na miguu anayeketi kwenye ubao wa magurudumu alipanda upesi kuliko wote akipiga mluzi. Mama mmoja mjamzito alipokewa siku za mwisho mwisho. Alipojifungua akarudi kuonesha mtoto, njia ikamkataa, akacheka akapanda ngazi. Mzee Khalfani, mwenye duka la kandili na vyungu, alikuwa na magoti ya kigeugeu. Siku za baridi njia ilimpokea, siku za jua alijigonga, na mtaani wakawa wanamuuliza yeye hali ya hewa. Kijana wa bodaboda alijifanya anachechemea akaivamia na pikipiki. Taa ya mbele ilivunjika.

Adelard, mlinzi wa getini, alijaribu kila siku wakati wa chakula cha mchana, kwa sababu ngazi zilimchosha. Alipata nundu ndogo kwenye paji la uso, akaizoea.

Wote waliopanda walipokewa na Gaspar kwa adabu. Wote waliambiwa wamefika. Walipanda bila taabu, wakashuka bila kitu. Wengine walimshukuru Raudha kwa kumshika mikono yote miwili, wengine walimtazama vibaya, na kuna dada mmoja aliyefanya yote mawili kwa pamoja. Raudha hakujua aitikie vipi. Aliendelea kupaka rangi upya palipochubuka, kwa maana gurudumu likifika mahali penye mchubuko lilikuwa linaruka.

Wafadhili walikuja asubuhi yenye jua kali. Yaliwekwa mahema na viti vya plastiki vilivyovalishwa vitambaa. Watu wenye ulemavu waliombwa kwa upole wakae nyuma ya hema, upande wa duka la vigae, ili wasizibe kamera. Vaileth alikuwa miongoni mwao, mgongoni kwa mama yake. Mgeni rasmi alikata utepe, akapunga mkono, akapiga hatua kwenye njia, akagonga uso ukutani. Watu wakapiga makofi. Akajifuta pua, iliyokuwa na kijivu kidogo, akapapasa ukuta kwa kiganja.

"Imara sana," alisema.

Picha zilikwenda kwenye mitandao siku hiyohiyo na zilipendwa.

Wiki hiyo Rogers alimfuata Raudha nyumbani, akamkuta na wanafunzi wake. Alimwamkia Bi Mwanakombo, akakataa chai, akaikubali.

"Dada Raudha, kuna malalamiko. Wanasema njia yako inabagua."

"Inambagua nani?"

"Wazima."

"Si wana ngazi?"

"Najua. Ila imekaa vibaya, unanielewa? Hebu irekebishe kidogo iwapokee wote."

"Kaka Rogers, mie sijui inavyofanya kazi. Nilichora tu kama ulivyosema."

"Basi ulikosea mahali."

"Huenda," alisema Raudha, na alikuwa anasema kweli.

Vaileth, aliyekuwa kwenye mkeka anachora, aliinua kichwa. Alichukua muda wake. "Na kiti changu?"

Rogers alitazama chai. Alisema suala hilo liko juu. Alimaliza kikombe, akaaga.

Ni Editha aliyesema lile ambalo mtaa mzima ulikuwa unalifikiria. Kama rangi imeweza kuwa njia, kwa nini isiwe kiti? Raudha alikwenda chumbani kwa Editha na makopo yake. Alichora kiti cha magurudumu ukutani, kando ya kitanda, kimo cha Vaileth kabisa, chenye mto wa kukalia na mahali pa kuegemeza kichwa. Alikipa rangi tabaka juu ya tabaka. Mikono yake ilikuwa ileile na kijivu cha magurudumu kilitoka kwenye kopo lilelile. Wakasubiri kikauke. Wakamwinua Vaileth wakamsogeza. Bega lake liligusa ukuta.

Wakasubiri tena. Editha alikwenda kununua mkaa, akarudi. Kiti kilibaki kuwa picha.

"Kwa nini ile ikubali na hiki kikatae?" Editha aliuliza. Sauti yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa sauti ya mtu anayeuliza njia katika mtaa asioujua.

"Sijui, mama Vaileth. Wallahi sijui. Hiki nimekichora kwa moyo. Ile nilichora kwa aibu."

"Labda ndiyo hivyo."

"Labda siyo."

Vaileth alikichunguza kiti kwa muda mrefu. "Kizuri," alisema. "Ila tairi la kushoto halina upepo." Raudha akachukua brashi akalirekebisha, kwa sababu ni kweli lilikuwa limebonyea.

Mfuko wa Faraja ulihama msimu wa masika. Sababu iliyotolewa ni kwamba ripoti za Tandika zilikuwa zimeanza kuonesha watu wengi waliofika na hakuna aliyehudumiwa, hali ambayo haikuwa nzuri. Huduma zikapelekwa Mbezi Beach, kwenye jengo jipya jirani na hoteli, lenye ngazi pana za marumaru. Rogers alituma gari la ofisi kumchukua Raudha na baiskeli yake. Ukuta wa huko ulikuwa mweupe na laini, haujabonyea popote, ukuta ambao mchoraji huuota. Raudha alikaa mbele yake na kopo mapajani, upepo wa bahari ukimpeperusha mtandio.

"Hapa jengeni, kaka Rogers," alisema.

"Zege linachukua muda."

"Chukueni huo muda."

"Dada, nani mwenye uhakika kama tukijenga watakuja? Wewe chora kwanza, tuone."

Raudha aliitazama brashi. Akili yake ilimwambia mambo mawili kwa wakati mmoja. Akichora, watu watapanda. Wakipanda, watashuka. Hakuona lipi kati ya hayo lingekuwa dhambi na lipi lingekuwa msaada, na mkono wake, ambao siku zote ulijua la kufanya kabla yake, ulikuwa umelala tu juu ya kopo. Akaomba arudishwe nyumbani. Dereva alimrudisha, wakizungumza habari za mpira.

Walimpata mchoraji mwingine, kutoka Sinza, kijana fundi kweli. Njia yake ilikuwa na vivuli na hata nyufa ndogondogo za kupendeza. Hakuna aliyeipanda. Gaspar, ambaye alihamishwa pamoja na meza yake, alimpigia Raudha simu siku moja kumjulia hali.

"Huku kimya, dada," alisema. "Wamenipongeza tena."

Ghorofa ya juu pale Tandika ilibaki tupu. Mwenye nyumba hakupata mpangaji, akamwachia Raudha aitumie Jumamosi mpaka apatikane mtu. Kuna hewa kule, na mwanga unaingia pande zote. Wanafunzi wenye magongo na magurudumu hupanda kwa njia ya rangi, wenye miguu yao hupanda ngazi, na wanaochelewa ni hao wa ngazi. Asiyesikia amechora korido nzima masikio, moja zuri kuliko jingine. Vaileth amechora kuku ukutani mpaka amefika dirishani. Ombi lake la kiti bado liko juu, na siku hizi juu ni Mbezi Beach.

Jumamosi darasa likiisha Raudha hushuka naye mapajani. Chini husimama Editha na kitenge mkononi, amekwisha kukunja meza yake ya sokoni. Jumamosi iliyopita mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu, mtaa umejaa madimbwi, na Vaileth alikuwa anaeleza jinsi kuku wa mwisho alivyokataa kusimama kwa mguu mmoja. Alieleza polepole, na hakuna aliyemharakisha. Alipomaliza, Editha aliwageuzia mgongo, akachuchumaa.

"Haya, nipe mwanangu."

Raudha akamsogeza. Mkono wa kushoto wa Vaileth ukashika shingo ya mama, wa kulia ukaenda unakotaka, ukarudishwa. Editha alijifunga kitenge, akajivuta kwenye ukingo wa baiskeli, akainuka kwanza kwa magoti, akapumua, kisha kwa mgongo.

"Mwaka huu umenizidi," alimwambia.

"Nimekula vizuri," alisema Vaileth.

Wakaaga. Raudha aliwaona wakikwepa madimbwi, wakiongea, wakienda nyumbani wawili kwa miguu ya mmoja.